Kuhifadhi Sarafu Katika Hewa ya Pwani

Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilianza kutoa, kwa ajili ya himaya zake za Afrika Mashariki na Uganda, sarafu ya senti moja iliyotengenezwa kwa alumini. Sarafu hiyo ilikuwa nyepesi sana, yenye tundu katikati ili iweze kutungwa katika uzi, na wakati ule alumini ilihesabiwa kuwa metali mpya isiyoshambuliwa na kutu. Hesabu hiyo haikutimia. Ilipofika mwaka 1909 senti hiyo hiyo ilikuwa ikipigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Na sarafu ndogo za alumini zilizopelekwa Afrika Magharibi katika miaka hiyo hiyo nazo ziliachwa vivyo hivyo. Utando mwembamba wa oksidi unaoikinga alumini katika hewa kavu hutobolewa na chumvi penye joto na unyevu, na metali iliyo chini yake huliwa vishimo vishimo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha ukubwa wa tatizo tunalokusudia kulieleza katika makala haya. Ikiwa kiwanda cha kupiga fedha, chenye wataalamu wake wa kemia, kiliweza kushindwa na hewa yetu, si ajabu kwamba mtu aliyerithi kopo la sarafu kutoka kwa babu yake, akaliweka juu ya kabati huko Tanga au Lamu, hulifungua baada ya miaka kumi na kukuta unga wa kijani. Na sarafu hizo tunazo nyingi kuliko tunavyodhani. Kuna reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780. Kuna pesa za shaba za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Kuna rupia na heller za Wajerumani (ambazo zilituachia neno «hela»), pamoja na zile zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Kuna shilingi za wafalme wa Kiingereza. Na kuna sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966. Nyingi zimo majumbani mwa watu, wala hazimo katika makumbusho, na kuokoka kwake au kupotea kwake kunategemea mambo madogo madogo yanayofanyika katika majumba hayo.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza

Watu wanaoniletea sarafu chuoni huuliza karibu wote swali moja: nizisafishe kwa dawa gani? Jibu langu huwaudhi kwa ufupi wake: usizisafishe.

Sababu ni hii. Mizani ya thamani ya sarafu ya kale imo katika ngozi yake ya juu kabisa. Kina cha herufi na picha juu ya sarafu ya kawaida mara nyingi hakifiki nusu milimita, na kila mara inaposuguliwa kwa majivu au mchanga mwembamba sehemu ya kina hicho huondoka, wala hairudi. Ukwaju na ndimu, ambazo mama zetu huzitumia kung'arishia sinia za shaba, hufanya kazi kwa njia nyingine. Asidi iliyomo huyeyusha oksidi nyeusi, na sinia hung'aa. Lakini asidi haijui mahali pa kusimama. Ikimaliza oksidi, kwa msaada wa hewa huendelea kuila shaba yenyewe, na mabaki yake hujificha katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Sinia si kitu, kwa kuwa litasuguliwa tena wiki ijayo. Sarafu iliyooshwa kwa ukwaju na kurudishwa kopo-ni itakuwa imegeuka kijani kabla ya masika kwisha.

Mfano ulio bora wa hasara hiyo ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Sarafu hizo, ambazo upana wake ni kama sentimita mbili, hazina tarehe wala jina la mji zilikopigwa. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyotungwa ili yalingane kwa kina na jina hilo. Basi, ushahidi wote alionao mwanahistoria ni herufi hizo, aina ya metali, na mahali sarafu ilipookotwa. Kwa ushahidi huo mdogo tumeweza kujua kwamba sarafu ya Kilwa ilifika hadi Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 tano kati yake ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, jambo ambalo wataalamu hawajamaliza kubishana juu yake. Mtu akizisugua herufi hizo mpaka zikawa laini, hubakiwa na kipande cha shaba kinachong'aa ambacho hakisemi neno. Hata wafanyabiashara wa sarafu, ambao hawashughulikii sana historia, hulipa kidogo kwa sarafu iliyosuguliwa.

Hapa inafaa kukumbusha kwamba kwa Tanzania Bara vitu vya kale vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mwenye kuvigundua hana budi kutoa taarifa. Sarafu ya Kilwa iliyofukuliwa shambani haihesabiwi sawa na shilingi ya babu. Iache na udongo wake, andika mahali ilipotoka, uipeleke kwa wahusika.

Fedha, shaba, na rangi zake

Fedha, nina maana ya metali yenyewe, haishambuliwi na oksijeni ya hewa peke yake. Adui yake ni salfa. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza, hata ikiwa chache mno hewani kiasi cha kutonuswa, huungana na fedha na kufanya utando wa salfaidi ya fedha. Utando huo ukiwa mwembamba sana huonekana wa manjano. Ukiongezeka huwa wa hudhurungi, kisha zambarau na buluu, na mwisho mweusi. Salfaidi haina rangi nyingi hivyo. Rangi hizo hutokana na mwanga unaoakisiwa kutoka juu ya utando na ule unaoakisiwa kutoka chini yake kukutana na kuingiliana, kama zinavyotokea rangi za mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji. Kwa hiyo rangi ya reale yako ni kipimo cha unene wa utando wake, ambao hupimwa kwa sehemu za milioni za milimita.

Salfa yenyewe hutoka wapi? Hutoka jikoni, katika mayai na vitunguu. Hutoka katika mpira mweusi uliopikwa kwa salfa ili ukaze. Hutoka katika vitambaa vya sufu na katika moshi wa magari. Na kwa wakazi wa pwani hutoka pia katika tope la mikoko maji yakupwapo. Utando huo hauli metali nyingi, na ukiwa umeenea sawasawa wakusanyaji wengi huupenda. Kuna hila inayosifiwa ya kuchemsha sarafu pamoja na karatasi ya alumini na magadi ili weusi utoke. Ni kweli hutoka, kwani alumini huipokonya salfaidi salfa yake, lakini fedha inayorudi juu ya sarafu hurudi ikiwa yenye vinyweleo kama sifongo, nayo huwa nyeusi tena upesi kuliko mwanzo.

Inafaa pia mtu ajue ana metali gani mkononi. Reale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni asilimia 83. Iliyobaki ni shaba. Rupia ya Wajerumani ina fedha zaidi ya asilimia 90. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ina robo tu ya fedha, na ndiyo maana ikichakaa huonyesha wekundu. Ingawa watu huiita ya fedha, tabia yake hewani ni ya shaba, na itunzwe kama shaba.

Shaba hupitia hatua zake. Kwanza hufunikwa na oksidi ya hudhurungi, na baada ya miaka mingi huweza kupata utando wa kijani kibichi wa kaboneti, mgumu, laini kwa kidole, usiobanduka. Utando huo ni ngao. Ulifanywa polepole na hewa na udongo, na sasa huzuia hewa isifike kwenye metali. Mwenye kuubandua hubandua na maandishi yaliyohifadhiwa ndani yake.

Ugonjwa wa shaba

Kuna kijani kingine ambacho si ngao hata kidogo. Ni cheupecheupe, ni cha unga, hutokea kama vidoadoa, na ukikigusa kwa njiti ya meno hupukutika na kuacha kishimo. Wataalamu wa makumbusho hukiita ugonjwa wa shaba, ingawa hauletwi na kijidudu chochote. Chanzo chake ni kloridi, yaani ile sehemu ya klorini iliyomo katika chumvi: chumvi ya bahari, ya udongo wa pwani, au ya jasho la vidole.

Kloridi ikiingia katika shaba hufanya kampaundi ya kijivujivu kama nta, ambayo hulala chini ya utando, karibu kabisa na metali. Ikiwa kavu hukaa kimya hata miaka mia. Ikipata maji na oksijeni hugeuka kuwa ule unga wa kijani, ambao ukubwa wake ni zaidi ya kampaundi iliyotangulia. Basi unga hutanuka, hupasua utando ulio juu, na kufungua njia kwa hewa zaidi. Pamoja na unga hutokea asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo huila shaba mpya na kufanya tena ile kampaundi ya kijivu, na mzunguko huanza upya. Jambo la kutisha ni kwamba klorini haimaliziki katika mzunguko huo. Kiasi kile kile kidogo hufanya kazi tena na tena, kama mtaji wa mkopeshaji usiopungua, mpaka sarafu iwe vumbi.

Mzunguko huo una mlango mmoja tu ambao mtu wa kawaida anaweza kuufunga, nao ni unyevu. Hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 55 ugonjwa huenda mbio. Chini ya asilimia 40 karibu husimama. (Asilimia 100 ni hewa iliyoshiba mvuke isiweze kubeba zaidi.) Katika Dar es Salaam, Unguja na Mombasa unyevu wa asubuhi aghalabu hupita asilimia 75, na namba hiyo ya 75 ina maana yake maalumu. Ndiyo kiwango ambacho punje ya chumvi ya jikoni huanza kuvuta maji kutoka hewani na kujiyeyusha yenyewe. Msomaji anaweza kuuona ukweli huo mezani: chumvi hulowana na kugoma kumwagika huko Tanga, na hukaa kavu huko Dodoma wakati wa kiangazi. Yanayotokea ndani ya kichupa cha chumvi ndiyo yanayotokea juu ya sarafu iliyoguswa kwa vidole vyenye jasho. Tena chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, huanza kulowana katika unyevu ulio chini zaidi.

Vitabu vingi vya utunzaji wa sarafu vimeandikwa katika nchi za baridi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, niliishi katika chumba ambacho wakati wa majira ya baridi hewa yake, kwa sababu ya kupashwa moto, ilikuwa kavu kiasi cha kupasua midomo. Sarafu katika chumba kama hicho huweza kuachwa ndani ya droo na zisipate dhara. Mwandishi aliyezoea hali hiyo hushauri droo nzuri ya mbao yenye kitambaa cha manyoya, naye ni mkweli kwa nchi yake. Ushauri huo ukiletwa Bagamoyo bila kubadilishwa huwa ni ushauri wa kuziua sarafu.

Kasha linaloua

Hata bila ya bahari, sarafu nyingi huharibiwa na kile kilichowekwa kuzilinda. Mbao hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, asidi ile ile iliyomo katika siki, na miti migumu mingi huitoa kwa miaka mingi baada ya kupasuliwa. Sanduku la Kizanzibari la msaji lenye njumu za shaba ni pambo la nyumba, lakini likifungwa vizuri hukusanya mvuke huo ndani. Risasi ndiyo huumia kwanza na kugeuka unga mweupe, shaba hufuata. Mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi ni mbaya zaidi, kwa sababu gundi nayo hutoa mvuke wake. Wakusanyaji wa Ulaya waliligundua jambo hilo kwa uzoefu kabla kemia haijalieleza, wakachagua makabati ya mahogani na kuepuka mwaloni.

Magazeti, bahasha za kaki na maboksi ya kadibodi yana asidi na mara nyingi salfa. Vidonge vya kuulia nondo na mende vya aina fulani vina klorini. Mafuta ya nazi, ambayo wengine huyapaka juu ya sarafu kwa nia njema, huchacha; asidi za mafuta zinazotokea huungana na shaba na kufanya sabuni ya kijani inayonata. Lakini adui mkubwa wa siku zetu, kwa maoni yangu, ni mifuko na kurasa za plastiki laini zinazouzwa maalumu kwa sarafu. Plastiki hiyo ni polivinili kloridi. Kwa asili yake ni ngumu, na ili ilainike huchanganywa na vilainishi vya majimaji. Katika joto letu vilainishi hutoka polepole na kuifunika sarafu kwa ute, wakati plastiki yenyewe inapooza hutoa asidi ya haidrokloriki. Hivyo mkusanyaji huwa amenunua kwa fedha zake kloridi ile ambayo angetaka kuikimbia.

Kwa bahati nzuri plastiki hiyo inaweza kutambuliwa nyumbani. Kata kipande kidogo ukitie katika bilauri ya maji na kukizamisha ili mapovu yatoke. Polietilini na polipropilini huelea. Hizo ni salama. Kikizama, fanya jaribio la pili, lililobuniwa na mwanakemia Friedrich Beilstein mwaka 1872. Chukua waya wa shaba ulioshikwa kwa koleo, uchome katika moto wa gesi au spiriti mpaka mwali usionyeshe tena rangi ya kijani, kisha uguse plastiki kwa ncha iliyo moto ili chembe ishike, na uirudishe motoni. Mwali ukiwaka kijani kibichi, plastiki ina klorini. Usipoonyesha kijani, huenda ni poliesta, ambayo huzama lakini haina dhara. Jaribio hilo lifanyike nje, kwa chembe ndogo, bila kuuvuta moshi wake.

Kwa vitu vingine, kama vile kitambaa, gundi au ubao, kuna jaribio la uvumilivu. Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alieleza namna ya kukijaribu kitu kabla ya kukiweka karibu na metali za makumbusho: kipande cha kitu hicho hufungiwa katika chupa pamoja na vipande safi vya metali na maji kidogo, na chupa huwekwa katika joto. Maabara hutumia nyuzi 60 za sentigredi kwa siku 28. Mwalimu wa sekondari anaweza kufanya mfano wake kwa chupa mbili za kioo. Katika kila moja aweke kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa, risasi ya mshipi iliyokwanguliwa ikang'aa, na pamba yenye maji. Katika chupa moja tu aongeze kipande cha ubao, kisigusane na metali. Aziache mahali pa joto kwa mwezi mmoja. Tofauti kati ya chupa mbili ndiyo jawabu, na wanafunzi wataikumbuka kuliko maelezo yangu.

Chombo kilicho kikavu

Tuje sasa kwenye mpango wenyewe, ambao si wa gharama kubwa. Kila sarafu iwekwe peke yake katika kijifuko cha polietilini au poliesta. Ikiwa ni kadi zenye dirisha, pini zake zisiwe na ncha zilizojitokeza, kwa sababu pini hukwaruza na hupata kutu. Metali mbalimbali zisilundikwe katika kopo moja, kwa maana metali mbili tofauti zinapogusana penye unyevu wa chumvi hufanya betri ndogo, na ile iliyo dhaifu huliwa. Sarafu nyingi za Tanzania zilizotolewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni za feleji iliyofunikwa kwa nikeli; zinaonekana kama zile za 1966, lakini sumaku huzivuta, na kutu ikipata ufa mdogo ukingoni huinua ngozi yote. Hizo zitengwe.

Vijifuko vyote viingie katika chombo cha chakula cha polipropilini chenye mfuniko unaobana. Mfuniko usiwe na duara la mpira mweusi. Ndani yake tuweke silika jeli, zile punje ambazo huja katika vijifuko vidogo pamoja na kamera na viatu. Watu huuliza inahitajika kiasi gani, na hesabu yake inapendeza. Hewa ya lita 5 yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina maji kiasi cha gramu 0.12 tu, wakati gramu 50 za silika jeli iliyokaushwa huweza kubeba kama gramu 10 za maji kabla hewa iliyoizunguka haijafika asilimia 40. Kwa hiyo hewa iliyomo mwanzoni si tatizo. Tatizo ni mfuniko unaovuja, mkono unaoufungua kila siku, na hasa karatasi, kwa kuwa karatasi na mbao huficha ndani yake maji mengi kuliko hewa inayozizunguka. Ndiyo sababu nyingine ya kuvitoa vitu hivyo chomboni.

Silika jeli iliyoshiba hukaushwa katika oveni, au katika sufuria juu ya moto mdogo, kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa tatu hivi, na hutumika tena. Ile ya buluu inayogeuka ya waridi ina kloridi ya kobalti, ambayo si nzuri kwa afya; ile ya rangi ya chungwa ni afadhali. Kwa vyovyote punje zisiguse sarafu. Mchele uliokaangwa, ambao wengi huutumia, huvuta maji kidogo mno, huacha vumbi la wanga na hualika fukusi.

Mwenye kuweza anunue haigromita ndogo, lakini asiiamini kabla ya kuipima. Changanya chumvi ya jikoni na maji kidogo iwe kama uji mzito, uiweke katika kifuniko cha chupa, na uifungie pamoja na haigromita katika mfuko wa polietilini kwa saa kumi na mbili. Hewa ya mfukoni itatulia karibu na asilimia 75, kwa sababu ile ile tuliyoieleza kuhusu chumvi ya Tanga. Chombo kikisoma 68, ujue kwamba kinapunguza saba.

Chombo kiwekwe katika kabati la ukuta wa ndani, juu ya sakafu, mbali na jiko, choo na betri za gari. Kisiwekwe chini ya bati, ambako joto la mchana na ubaridi wa alfajiri hufanya umande.

Sarafu ishikwe ukingoni, juu ya taulo, na mikono iliyooshwa ikakauka. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Ute wa plastiki mbovu, na huo tu, unaweza kuondolewa nyumbani kwa asetoni safi ya maabara, mahali penye hewa na pasipo moto. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa huongezwa mafuta na manukato. Sarafu yenye unga wa kijani itengwe siku hiyo hiyo katika chombo chake chenye silika jeli mpya, kisha ionyeshwe kwa mtaalamu wa makumbusho. Tiba zipo, kuanzia kuiosha kwa majuma mengi katika maji yaliyotolewa chumvi mpaka kuitia benzotriazoli, dawa iliyoanza kutumika kwa kazi hii mwaka 1967. Lakini dawa hiyo si ya kuchezewa mezani pa chakula, na kukausha peke yake hununua miaka ya kutosha ya kumtafuta mtaalamu.

Mwisho, kila sarafu iwe na ukurasa wake katika daftari: ilitoka kwa nani, uzito wake kwa mizani ya sonara, na picha ya pande zote mbili. Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya masika na mwezi wa Juni yanapokwisha, kwa kulinganisha sarafu na picha yake chini ya lenzi. Doa lililoongezeka kati ya Februari na Juni linaonyesha kwamba mfuniko unavuja au silika jeli imeshiba, na hilo lirekebishwe kabla ya vuli.